Bangili Tumboni mwa Papa

Mie nimenuka papa miaka zaidi ya thelathini. Sisemi kwa kujitapa wala kwa kulalamika, ndiyo kazi iliyonilisha. Hapa kwetu Kiswere mgeni akitaka kufika nyumbani kwangu alikuwa haulizi njia, anafuata pua yake. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anavua kwa jarife, ule wavu wa macho makubwa, na mie ndiye mpasuaji. Papa analetwa, namgeuza tumbo juu, napitisha kisu kuanzia shingoni. Natoa ini kwanza maana ndilo lenye sifa, yale mafuta ya kupaka vyombo vya baharini visioze. Halafu namkata mapande, namtia chumvi, namtandaza chanjani. Akikauka, wachuuzi wa juu, Wamakonde, wanakuja wenyewe kuchukua. Mmoja kila akifika lazima anitanie.

"Shemeji, mbona leo hunuki? Biashara imelala?"

"Sogea karibu basi, pua yako ndiyo imelala."

Tunacheka, anafunga mzigo wake, anakwenda. Mie kwa maneno hawaniwezi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini mdomo wangu ulifika chuo kikuu.

Papa walikuwa wengi siku hizo. Walikuwepo wenye kichwa kama nyundo, walikuwepo wa kijivu wenye pezi jeusi nchani, walikuwepo wale wanene wanaolala chini mchangani mchana mzima kama walevi. Ukimpasua jike unakuta vitoto tumboni, hai, vinacheza mikononi mwako. Navyo tulivitia chumvi. Nikikumbuka hivyo vitoto najisikia vibaya, lakini leo sikukaa kusimulia hivyo.

Nataka mjue kitu kimoja. Katika miaka yote hiyo, papa wote waliopita chini ya kisu changu, sikumwona hata mmoja aliyekula mtu. Sikuona mtu wa hapa aliyeng'atwa akiwa anaogelea, wala bibi yangu hakuniambia aliwahi kuona. Maji ndiyo yaliyokula watu, tena wengine wa nyumba yetu. Ila nenda leo kamshike mtoto yeyote kijijini umuulize, atakwambia yuko msichana aliyeliwa na papa pale mto unapomwagikia baharini, tunapopaita Mlangoni. Atakwambia na bangili yake ilikuwa nyekundu.

Hadithi hiyo niliitunga mie.

Nilijaliwa mtoto mmoja tu, binti, na huyo binti alipenda maji kuliko chakula. Ana miaka saba unamtafuta nyumbani humwoni, yuko Mlangoni. Alikuwa na rafiki yake wa nyumba ya pili, umri mmoja, wazazi wake watu wa milimani, baba alikuja pwani kufanya kazi ya chumvi. Hao wawili walikuwa kama kope na jicho. Wanakula kwangu, wanalala kwao, wanapigwa pamoja. Binti yangu ndiye aliyemfundisha mwenzake kuogelea, maana watoto wa milimani maji wanayajua ya kwenye mtungi.

Sasa pale Mlangoni maji yakitoka yanavuta. Unaona yametulia, kumbe chini yanakwenda mbio. Mtu mzima anapelekwa, seuze mtoto. Mie nilikuwa nakatazaje? Nilisema, nilipiga, nilimnyima chakula, nilimfungia ndani akatoka dirishani. Na siri yangu kubwa ilikuwa hii, mwanamke wa pwani niliyezaliwa na kuzeeka nusu hatua kutoka baharini: sijui kuogelea. Kwetu wanawake tulikuwa tunaingia maji ya kiunoni kutanda uduvi kwa kanga, au tunatembea mwambani maji yakitoka, tunachokoa pweza, basi. Mtoto wangu angechukuliwa na mkondo, mie ningesimama pale na kisu changu mkononi nikipiga kelele. Hilo lilikuwa linaninyima raha. Nakata papa, roho iko Mlangoni.

Ikaja Idi. Nikanunua kwa mchuuzi bangili za plastiki, nyekundu, zile zinazong'aa kama peremende. Alikuwa anauza fungu la bangili tano, hakubali kulivunja. Mbili nikamvisha binti yangu, mbili nikamvisha rafiki yake, maana utampaje mmoja umwache mwenzake? Moja ikabaki, nikaitia kwenye kopo langu la kutunzia vikorokoro. Watoto wakazunguka kijiji kizima mikono juu kama wanaombewa dua. Bangili za namna ile hapa kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Hilo liwekeni akilini. Mie ndiye sikuliweka.

Baada ya siku chache wale majirani wakahama. Lori lilikuja asubuhi, binti yangu yuko chuoni kwa mwalimu wa Kurani, wakapakia vyungu na mikeka, wakaniaga, wakaenda zao upande wa Pande walikokuwa na ndugu. Mtoto karudi, nyumba ya pili tupu.

"Mama, wako wapi?"

Mie nina papa watatu wananisubiri na jua linapanda. "Wamehama. Wamekwenda kwao."

"Na yeye?"

"Abaki na nani? Ondoka kwenye chumvi yangu."

Ndivyo nilivyomwambia. Sikunyanyua hata macho.

Siku mbili nyingine, au tatu, nikamwona anarudi nywele zinachuruzika. Alikwenda peke yake Mlangoni, maji yanatoka. Jirani mmoja alikuwa anaokota kuni akamwona anavutwa, mpaka alipofanikiwa kushika mizizi ya mikoko. Sikuwa na nguvu hata ya kumchapa. Usiku ule sikulala, nikawaza dawa, na dawa niliyoipata nikaiona ni ya busara sana. Nilijisifu hasa.

Kesho yake mume wangu akaleta papa mkubwa, jike la urefu wa mlango. Nikalipasua tumbo mapema, nikachukua ile bangili ya tano, nikaitia ndani kwenye matumbo, nikafunika na ngozi. Kisha nikamwita mwanangu.

"Njoo unishikie hapa."

Akaja. Nikatia mkono tumboni mwa yule papa, nikapapasa kama natafuta kitu, uso nimeukunja. Mie ni msimulizi bwana, najua kuvuta. Nikatoa mkono taratibu, damu mpaka kwenye kiwiko, na bangili nyekundu kidoleni.

"Laa ilaaha illallah," nikasema. "Mtoto wa watu huyu."

Binti yangu akatazama bangili. Akatazama mikono yake, zake zipo mbili. Akatazama tena ile.

"Mama, ya nani?"

"Ya mtoto asiyesikia la mkubwa."

"Alikuwa anaogelea wapi?"

"Pale pale Mlangoni unapokwenda wewe."

Hakulia. Nikaona dawa imeingia. Nikaiosha ile bangili nikaitundika juu ya mlango wetu pamoja na taya la yule papa, meno yote wazi, ili kila akitoka nyumbani akumbuke. Jioni mume wangu akaniuliza, "Hiyo nini?" Nikamwambia. Akacheka mpaka akajigonga mgongo ukutani. "Mke wangu, wewe utakuja kwenda motoni kwa hadithi." Tukacheka wote wawili. Mtoto yuko chumbani, amejifunika gubigubi.

Kesho yake naona mikono yake mitupu.

"Bangili zako ziko wapi?"

"Zimevunjika."

Zote mbili, siku moja. Nikasema watoto hawa, vitu havikai. Nikaendelea na chumvi yangu.

Tangu siku ile hakuingia maji. Nasema hakuingia, yaani hata ukingoni, hata povu kumgusa vidole. Mwezi wa kwanza nilishukuru Mungu. Mwaka wa kwanza nilijisifia kwa wanawake wenzangu, na wao wakachukua ile hadithi wakawapa watoto wao, na ilipokuwa inatembea ikawa inaota. Ikaota nguo za yule msichana, ikaota kijiji chake. Mie nikiisikia nilikuwa naona fahari, kama mpishi anayesikia watu wanasifu mchuzi hawajui kaupika nani.

Lakini miaka ikaenda. Wasichana wenzake wanatanda uduvi, yeye amekaa juu mchangani anawashikia viatu. Wanakwenda mwambani kuchokoa pweza, yeye anabaki na wazee. Wakamtungia utani, "mzungu wa nchi kavu", "paka". Kiswere, mtoto wa mvuvi, anaogopa maji! Akawa msichana mkimya. Mie nilizaa kasuku, nikaishi na kinyago. Nikasema labda ndiyo umri.

Mara moja nilikuwa Lindi hospitali, nikakutana na mama wa yule rafiki yake wa zamani. Tukakumbatiana, tukapiga soga foleni nzima. Akasema binti yake hajambo. Narudi nyumbani na furaha zangu, naanza, "Unajua leo nimekutana na mama wa yule rafiki yako..." Binti yangu akainuka, akatoka nje, akaacha chakula. Nikasema alaa, kumbe waligombana hawa kabla ya kuhama. Sikumtaja tena mtu huyo. Mie niliyezoea kumtaja kila mtu, huyo mmoja nikamwacha.

Alipoposwa, akachagua mume wa Tingi, mkulima, mbali na maji. Siku ya harusi wanawake wameleta bangili za kumpamba, akakataa. Akakaa bibi harusi mikono mitupu kama mtu wa msiba. Wifi zake wakanuna. Nikamnong'oneza, "Mwanangu, vaa hata moja, unatuaibisha."

"Mama, niachie hilo tu. Nakuomba."

Nikamwachia. Akaenda Tingi, akalima ufuta miaka ishirini na zaidi. Mie ndiye niliyekuwa nakwenda kumwona, yeye haji kwangu ila kwa misiba. Akija analala chumba cha nyuma, anapita mlango wa uani. Nilidhani ni heshima kwa wageni walio barazani. Kumbe kule mbele juu ya mlango kulikuwa na taya na bangili.

Mwaka juzi ndoa ikavunjika. Karudi na begi moja, mtu mzima, mvi zimeanza kwenye paji. Shamba hana, mtaji hana. Nikamwambia kuna kikundi cha wanawake wa mwani, ingia. Akaingia, kwa kazi za nchi kavu: kufunga mbegu kwenye kamba, kuanika, kugeuza. Akapendwa, ana mkono mwepesi. Nikasema Alhamdulillahi, mtoto wangu amepata pa kushika.

Sasa mwani ukaanza kufa. Maji ya karibu yamekuwa ya moto siku hizi, mwani unageuka mweupe unakatika. Ikaamuliwa kamba zisogezwe maji marefu, mbele ya Mlangoni kule kwenye ubaridi, na kila mwanachama awe na kamba zake mwenyewe na aweze kuzifuata. Wakawa wanafundishana kuogelea, wanawake wa miaka hamsini na madumu matupu yamefungwa kiunoni. Raha kuangalia! Mwenyekiti wao, mwanamke mmoja mkavu wa maneno, akamwambia binti yangu mbele yangu:

"Dada, mpaka bamvua lijalo. Ukiwa hujaingia maji, kamba zako nampa mwingine. Si chuki, ni kazi."

"Nimesikia."

"Unaogopa nini mtu mzima wewe? Papa?"

Wenzake wakacheka. Binti yangu naye akacheka kidogo, midomo tu.

Mie pale nilikuwa na neno moja la kumfungua. Neno moja. Siku zile za kuhesabu mwezi mpaka bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, nilikuwa naamka nalo asubuhi na kulala nalo. Nasema leo nitamwambia. Nikimwona uso wake nasema kesho. Mtu aliyeishi kwa kusimulia ni vigumu kusema, ile haikuwa kweli.

Katikati ya siku hizo wakaja wasichana wawili wa mambo ya samaki, wasomi, wana daftari, wana adabu. Shikamoo kila upande. Wakatuketisha wazee barazani kwa mvuvi mmoja mstaafu, wakataka kujua habari za papa, zamani walikuwa wangapi na sasa wako wapi. Wanawake wa mwani nao wakaja kusikiliza, binti yangu akakaa nyuma yangu.

"Papa?" mzee mwenye nyumba akasema. "Binti yangu, mie papa siku hizi namwona kwenye televisheni, tena anapita haraka."

"Mmewamaliza nyinyi na majarife yenu," mwanamke mmoja akamchokoza.

"Na ulikuwa unakula, au ulikuwa unatema?"

Vicheko. Wale wasichana wakaeleza kwamba papa anazaa kidogo na anachelewa kukua, ukimtoa mkubwa na vitoto vyake hapatikani wa kurudi. Wakasema watu wanamwogopa bure, ni nadra sana kumgusa mwogeleaji, maji yenyewe ndiyo ya kuogopwa. Mmoja akauliza, kwa utaratibu tu, kalamu mkononi: "Hapa kwenu kuna mtu aliwahi kuumwa na papa?"

"Yupo," wakasema watu wanne kwa pamoja.



"Msichana," mzee akasema. "Alikuwa anaogelea Mlangoni. Papa akampitia. Bangili ilitolewa tumboni, nyekundu. Nimeiona kwa macho yangu haya."

Muongo huyu! Siku ile alikuwa Lindi.

"Na mguu," mwingine akadakia. "Mguu ulizikwa."

"Ulizikwa wapi?"

"Si kule makaburi ya zamani."

Msichana anaandika. Hadithi yangu inaingia daftarini na mguu isiokuwa nao. Halafu yule mzee, kwa heshima kabisa, akaninyooshea mkono: "Muulizeni bibi huyu. Yeye ndiye aliyempasua huyo papa. Bangili ilikuwa mlangoni kwake miaka yote."

Wote wakanigeukia. Nyuma yangu nasikia mwanangu anapumua.

Wallahi, kama kuna saa ya maisha yangu ningepewa niirudie, ni ile. Watu wamekaa, wamenyamaza, wananisubiri mie nisimulie, jambo ninalolipenda kuliko yote duniani. Nikasema, "Ni zamani sana. Nimesahau."

"Lakini ni kweli, bibi?"

"Nimesahau, mjukuu wangu."

Akaandika. Sijui aliandika nini.

Tulirudi nyumbani. Mchana binti yangu akakaa kwenye mbuzi akaanza kukuna nazi, mie nachambua mchele. Siku mbili zimebaki bamvua lifike. Nikasikia mdomo wangu umeanza wenyewe.

"Ile bangili niliitia mie."

Akaendelea kukuna. "Uliitia wapi?"

"Tumboni mwa papa. Nilimpasua kabla hujaja, nikaitia, ndipo nikakuita. Hakuna mtoto aliyeliwa. Nilitaka usiende Mlangoni. Nilikuwa naogopa utakufa."

Akaacha kukuna. Kifuu kimebaki mkononi.

"Rudia, mama."

Nikarudia. Nikamweleza fungu la bangili tano, mbili zake, mbili za mwenzake, moja ikabaki.

"Kwa hiyo yeye hakufa?"

Sikuelewa. "Nani?"

"Mama. Yeye. Wa nyumba ya pili."

Ndipo ikaniingia. Nikaona mtoto wa miaka saba anatoka chuoni anakuta nyumba tupu, anaambiwa wamehama na mama asiyenyanyua macho. Baada ya siku mbili tatu mama yule yule anatoa tumboni mwa papa bangili ambayo kijiji kizima hakuna mwenye nayo isipokuwa wao wawili. Zake anazo mkononi. Atasema ni ya nani?

"Mie ndiye niliyemfundisha kuogelea," binti yangu akasema. "Mie ndiye niliyekuwa nampeleka pale. Nilijua mmewaondoa wazazi wake kwa aibu, na mnanificha. Nilijua na nyinyi mnajua ni kosa langu, mnaninyamazia kwa huruma."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Niulize nini? Uliitundika mlangoni."

Nilipiga magoti, mzee mzima, mchele ukamwagika. Nikamwomba radhi. Hakunisukuma, hakunishika. Akakusanya mchele punje kwa punje akaurudisha kwenye ungo, kisha akaingia ndani. Nikachukua kigoda nikapanda nikang'oa lile taya na ile bangili. Jua lilikuwa limeila rangi mpaka imekuwa ya pinki kama kidonda kinachopona.

Asubuhi yake kulipokucha akaniambia anakwenda Pande, nilikomwambia walihamia. Pande siyo mbali, jamani. Kwa pikipiki unafika jua halijakuwa kali. Miaka yote ile alimwombea dua ya maiti mtu aliyekuwa pale nyuma ya mashamba.

Hakurudi siku ile. Alirudi siku ya pili, na hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya bamvua, wanawake wameshaingia maji marefu. Mwenyekiti alikuja kuniuliza yuko wapi, nikamwambia ana safari ya lazima. Akasema, "Bibi, nilisema mapema." Kamba akapewa mwanamke mwingine. Ana haki yake.

Binti yangu alivua viatu akaketi barazani. Sikuthubutu kuuliza. Yeye akaanza mwenyewe.

"Nimemwona. Anauza maandazi. Ana wajukuu wawili."

"Alhamdulillahi. Alisemaje?"

"Hakunikumbuka."

"Hakukukumbuka?"

"Alikumbuka kidogo. Alisema tulikaa pwani siku nyingi, kulikuwa na jirani ananuka papa." Akanitazama. "Wewe alikukumbuka sana. Alisema, yule mama aliyekuwa anatupa hadithi nzuri, yuko hai?"

Nikaitikia kwa kichwa, yeye akaendelea.

"Nikamwambia nilikufundisha kuogelea. Akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema, mimi? Mimi maji ya kisima tu yananitisha. Nikala andazi, nikalala kwao, nikaja."

Tukakaa. Kwa mbali tunasikia wanawake wanaitana majini, wanataniana. Yeye akainuka.

"Twende."

"Wapi?"

"Mlangoni. Maji yanaingia, hayavuti."

Nikamfuata na bakora yangu. Tulipofika alisimama pale mchanga unapobadilika rangi. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Nikaushika. Tukaingia. Mie siijui bahari kupita kiuno, yeye hajagusa povu tangu utoto, tunashikana kama vipofu wawili wanavuka barabara. Maji yakafika vifundoni, yakafika magotini. Hapo akasimama.

"Mama, kweli nilikuwa naogelea?"

"Kama samaki."

"Usiniambie kama samaki. Niambie ilivyokuwa. Mie sikumbuki kitu."

Mambo ya kupamba yalikuja yote, yamepanga foleni kama wachuuzi. Nikayaacha. Nikatafuta kile nilichokiona kweli, siku zile nilipokuwa nainua shingo kutoka kwenye chumvi kuangalia kama yupo bado.

"Ulikuwa unaanza na mkono wa kushoto," nikamwambia. "Kichwa unakigeuzia upande wa mikoko. Miguu ulikuwa hupigi sana, unaiacha ikufuate."

"Halafu?"

"Halafu unakunywa maji kidogo, unakohoa, unacheka."

Akainua mkono wa kushoto, akautazama kama siyo wake. Mwingine alikuwa bado amenishika mie, amenibana hasa, sikuweza kuutoa.